Gari Uliloliunda Nyumbani: Haki Zako Kabla ya Kulitoa Barabarani

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, haimkatazi mtu kuunda gari lake mwenyewe. Fundi wa Suneka, Keroka au Kebirigo, huku kwetu Gusii, akikusanya injini ya pikipiki, ekseli za gari kuukuu, mabomba na mabati, akachomelea mpaka kitu kikasimama juu ya magurudumu manne, hajatenda kosa lolote. Kosa huanza gari hilo linapoingia barabarani bila usajili, bila bima na katika hali isiyokidhi sheria. Hapo ndipo vijana wenye vipaji huumia, kwa sababu kijiji kizima kiliwashangilia siku ya kuwasha injini na hakuna aliyewaeleza kinachofuata.

Tuanze na neno barabara, maana kesi nyingi huanzia hapo. Mtu husema, "Mimi sikufika kwenye lami, nilikuwa najaribu tu hapa kijijini." Utetezi huo ni dhaifu. Kwa mujibu wa kifungu cha 2 cha Sheria ya Trafiki, barabara ni pamoja na njia nyingine yoyote, maegesho, hata kijia cha miguu, mradi magari yanaweza kupita na umma una ruhusa ya kufika. Kwa hiyo ile njia ya murramu inayotoka kwenu kwenda kituo cha kukusanyia majani chai ni barabara. Uani mwako, ndani ya lango lako, si barabara. Majaribio yako yote yafanyie huko. Huna uwanja wa kutosha? Omba kiwanja kilichofungwa, kama cha taasisi ya ufundi, na upate ruhusa yao kwa maandishi.

Gari nalo sheria imelifafanua kwa upana: ni chombo chochote kinachoendeshwa kwa mtambo, isipokuwa vile vya reli na vinavyovuta umeme kutoka nyaya za juu. Chombo chako kikitumia betri badala ya petroli, bado ni gari. Kikiwa na injini ndogo ya boda boda, bado ni gari. Na tela unalolichomelea ili mtu alifunge nyuma ya trekta lina masharti yake ya usajili vilevile. Ndiyo maana unaona tela zikiwa na nambari zinazoanza na herufi Z.

Usajili uko mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Hilo ni jukumu la serikali kuu. Serikali ya Kaunti ya Kisii au ya Nyamira inaweza kukupa leseni ya biashara ya karakana yako, na fundi wa Keroka, mji uliokalia mpaka wa kaunti hizo mbili, anapaswa kuhakikisha anailipia kaunti iliyo halali kwa eneo lake. Lakini hakuna afisa wa kaunti, chifu wala mbunge anayeweza kukuruhusu kuendesha gari lisilosajiliwa. Nimeona watu wakitunza barua za pongezi kama vile ni vibali. Pongezi haisajili gari.

Sasa twende kwenye moyo wa jambo lenyewe. Gari halisajiliwi kwa uzuri wake. Husajiliwa kwa utambulisho wake: nambari ya chasisi, nambari ya injini, aina ya bodi, rangi, na karatasi zinazoonyesha kila kikubwa kilitoka wapi. Gari lililoagizwa kutoka Japani huja na historia hiyo tayari. Gari lililozaliwa chini ya mwembe halina historia isipokuwa ile uliyoitunza wewe. Ndiyo maana nasema daftari na faili ni vifaa vya kazi sawa na mashine ya kuchomelea.

Uingereza, ambako watu wamejiundia magari kwa miongo mingi, kuna njia maalumu ya kukagua gari moja moja la namna hii, inayotumika tangu mwaka 2009. Gari lisilojulikana asili yake hupewa nambari inayoanza na herufi Q, ili kila mnunuzi ajue. Kwa miaka mingi walikuwa pia na mfumo wa alama kwa magari yaliyobadilishwa sana: chasisi alama 5, ekseli 2, usukani 2, injini 1 tu, na gari lisilofikisha alama 8 lilipoteza usajili wake wa zamani. Tazama uzito ulivyogawanywa. Injini, ambayo fundi wetu huiona ndiyo roho ya gari, ilikuwa na alama 1. Chasisi ndiyo gari.

Sheria yetu ya Trafiki haina sura ya pekee kwa gari la kujiundia. Huo ni upungufu, na nausema waziwazi, kwa nchi inayoisifu jua kali katika kila hotuba. Kwa sasa fundi ana njia mbili, na moja ni fupi zaidi.

Njia fupi ni kuanza na gari ambalo tayari limesajiliwa na lina logbuku kwa jina lako. Nunua gari kuukuu lenye karatasi safi, hamisha umiliki kwanza, halafu lijenge upya juu ya chasisi hiyohiyo. Ukibadilisha injini, rangi au aina ya bodi, unatuma ombi la kubadilisha maelezo ya gari kupitia tovuti ya huduma ya NTSA, unaambatisha stakabadhi za ulichobadilisha, na gari linapelekwa kukaguliwa. Hivi ndivyo mtu anavyoweza kugeuza Land Cruiser ya dizeli kuwa ya umeme. Kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na leo inaitwa Roam, ilianza kazi Kenya kwa kugeuza magari ya utalii kwa mtindo huo. Gari linabaki lilelile mbele ya sheria, maelezo yake tu ndiyo yanasahihishwa. Usiikate nambari ya chasisi, usiichomelee juu, usiihamishie kwenye chuma kingine. Nambari iliyochezewa humfanya mpelelezi afikirie wizi kabla ya kufikiria ubunifu.

Njia ndefu ni kuunda chombo kipya kabisa, chasisi na vyote. Hapo unaingia katika ulimwengu wa watengenezaji. Ukitaka kuuza, utakutana na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, na alama yake ya ubora, na utakutana na Mamlaka ya Ushuru, KRA. Njia hii imewachosha wenye nguvu kuliko sisi. Mradi wa Nyayo Pioneer ulianza mwaka 1986 kwa agizo la Rais Moi, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Nairobi. Magari ya majaribio yalionyeshwa Kasarani Februari 1990, na hayakuwahi kufika sokoni. Mobius Motors ya Nairobi iliuza magari yake kihalali kabisa, lakini mwezi Agosti 2024 ilitangaza kufunga kabla ya kupata mnunuzi. Siyataji haya ili kumkatisha mtu tamaa. Nayataja ili fundi wa Nyamira asidhani kwamba akikwama ni kwa sababu yeye ni mtu wa kijijini.

Kuhusu vyuma, kuwa mkali na nafsi yako. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara wa vyuma hivyo awe na leseni. Januari 2022 biashara hiyo ilisimamishwa nchi nzima kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na minara ya umeme, na iliporuhusiwa tena macho ya polisi yalibaki pale. Dai stakabadhi yenye jina la muuzaji, tarehe, na nambari ya injini ikiwapo. Ukipatikana na injini ya pikipiki iliyoibwa Rongo au Sotik, utatakiwa kueleza ilikufikiaje. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, kuhusu kushika mali ya wizi huku ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, kina adhabu ya hadi miaka 14 jela. Stakabadhi ya bei ya chai inaweza kukuokoa. Na kama ulivunja boda boda yako mwenyewe ili upate injini, iarifu NTSA kuhusu ile pikipiki. Maadamu imesajiliwa kwa jina lako, sheria inakuhesabu wewe kuwa mwenyewe mpaka ithibitishwe vingine.

Ukaguzi ukifika, usiuone kama kikwazo. Sisi tunaishi milimani. Gari linaloteremka kutoka Manga au kuelekea Kisii mjini likiwa na breki za kubahatisha linaweza kumaliza familia mbili kwa dakika moja. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki kinataka gari na sehemu zake zote, taa na magurudumu yakiwemo, ziwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara. Atakayevunja kifungu hicho anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 400,000, kufungwa hadi miaka 2, au vyote viwili. Breki ya miguu na breki ya mkono zijitegemee. Usukani uwe kulia. Mikanda, vioo vya pembeni, honi, taa za indiketa na za breki, viakisi mwanga, yote yafunge kabla hujaomba siku ya ukaguzi, na weldi za chasisi zipitiwe na fundi mwingine mwenye ujuzi ambaye hakuzichomelea.

Bima ndiyo inayonitia hofu kuliko yote. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya inakataza kutumia gari barabarani bila bima ya mtu wa tatu, na kwa kawaida kampuni ya bima huhitaji nambari ya usajili kabla ya kukuandikia chochote. Kwa gari lenye bima, kampuni inaweza kumlipa aliyeumizwa hadi shilingi milioni 3. Kwa gari lisilo na bima, unayelipa ni wewe. Na huku kwetu, ambako wana wanne wanagawana shamba la ekari moja, hukumu ya mahakama ikishindwa kulipwa kwa pesa inaweza kuishia kwenye kipande hicho cha ardhi. Mtoto wa jirani akivunjika mguu mbele ya gari lako la majaribio, pongezi za mwanzo hazitakulipia hospitali.

Leseni yako pia itazame. Mwenye leseni ya pikipiki hawezi kuendesha chombo cha magurudumu manne kwa sababu tu injini yake ni ya pikipiki. Hapo unahitaji daraja B.

Polisi wakikusimamisha, tulia. Wana mamlaka ya kukagua gari na kulizuilia. Wewe nawe una haki. Ukikamatwa, Ibara ya 49 ya Katiba inataka uelezwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa. Una haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa saa hizo zikiangukia siku ambayo si ya mahakama. Uliza unashtakiwa kwa kifungu gani. Gari likizuiliwa, hakikisha limeandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo na uondoke na nambari ya OB. Piga picha ya gari lilivyo siku hiyo. Dhamana ya pesa taslimu hutolewa stakabadhi. Ukidhulumiwa na afisa, peleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi.

Na kama umebuni kitu kipya kweli, tuseme mfumo wa usukani au wa breki, fika KIPI, taasisi ya mali ya ubunifu, mapema. Ukishauonyesha umma, sheria ya Kenya inakupa miezi 12 tu ya kuomba hataza kabla maonyesho yako mwenyewe hayajakupunguzia haki hiyo.

Yote haya yanarudi kwenye hatua moja ambayo mafundi huiruka. Kabla ya kukata chuma cha kwanza, iandikie NTSA. Eleza unachotaka kuunda, juu ya chasisi ipi, kwa injini ipi, na uulize ni nyaraka gani watakazohitaji ili kukisajili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika ombi hilo kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa. Ombi lenyewe halilipiwi. Afisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na inaweza kuongeza siku 14 mara moja tu. Ikinyamaza, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, nawe una siku 30 za kulipeleka suala lako kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo haitozi ada. Ombi la usajili likikataliwa, Ibara ya 47 ya Katiba inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Usiondoke dirishani na jibu la mdomo.

Andika barua hiyo wiki hii, nakala ibaki nyumbani ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Mafundi kumi wa Gusii wakiandika, NTSA italazimika kutoa majibu kumi kwa maandishi, na majibu hayo ndiyo tutakayoyapeleka kwa wabunge wetu kudai sura ya sheria inayokosekana.