Plani ya Ordinatere: Mambo ya Kuchunga Ili Watu Wasiumie



Katika ukurasa huu mumezoea kusoma juu ya kofia ya kazi, viatu, vumbi na maji safi. Leo somo letu ni plani zinazochorwa kwa ordinatere, ambayo wengine wanaiita kompyuta. Labda mtu atauliza: mtu wa hopitali anatafuta nini katika bilo ya madesinatere? Jibu ni fupi. Plani ndiyo inasema galeri ya zamani iliyojaa maji iko wapi, nguzo ya mawe ina unene gani, waya wa umeme unapita upande gani. Plani ikisema uongo, mtu anaumia, na mtu huyo analetwa kwetu. Kuzuia ni heri kuliko kutibu.

Somo hili si la madesinatere tu. Ni la kila mtu anayepokea plani mkononi: shefu wa ekipi, mtobozi wa mawe, fundi wa umeme, dereva wa mashini.

1. PLANI ISIYO YA MWISHO

Tuanze na jambo lililotokea Marekani, katika mina ya makaa ya Quecreek, jimbo la Pennsylvania. Tarehe 24 Julai 2002, watumikaji walikuwa wanakata makaa karibu na mina nyingine iliyoachwa zamani. Plani waliyopewa ilionyesha kwamba mina ile ya zamani ingali mbali. Lakini haikuwa plani ya mwisho. Wazee wa zamani walikuwa wameendelea kuchimba kisha plani ile kuchorwa. Mashini ilitoboa ukuta, maji ya mina ya zamani yakaingia kwa nguvu. Watu 9 walifungwa chini ya udongo, karibu meta 73. Walikaa humo saa 77, kisha wakatolewa wote wazima kwa shimo lililotobolewa toka juu.

Walipona. Lakini somo linabaki: plani inaweza kuwa safi, yenye mistari mizuri, na kumbe imepitwa na kazi. Ile ilikuwa ya karatasi. Kwa ordinatere hatari hii haikupungua, maana sasa plani moja inaweza kuwa na ndugu kumi wanaofanana, kila mmoja katika mashini yake.

2. KALKE YA ZAMANI NA KALKE YA SASA

Zamani desinatere alichora kwa wino juu ya karatasi ya kalke. Alilaza kalke ya galeri juu ya kalke ya mawe, na kalke ya umeme juu yake tena. Programu inayojulikana sana, AutoCAD, ilitoka mwezi wa Desemba 1982. Nayo inafanya vile vile: ndani yake kuna kurasa zinazolala moja juu ya nyingine, na kwa kifaransa zinaitwa hivyo hivyo, kalke. Unaweza kuzima moja na kuwasha nyingine.

Hapo ndipo hatari ya kwanza. Kalke iliyozimwa haichapwi. Kama desinatere amezima kalke ya galeri za zamani ili aone vizuri kazi yake, kisha amesahau kuiwasha, karatasi itatoka nyeupe pale palipo na shimo. Tena kuna kalke moja ambayo programu inaitengeneza yenyewe, jina lake Defpoints. Mstari uliochorwa humo unaonekana katika kioo cha ordinatere, lakini haitoki kamwe kwa karatasi. Mtu wa bilo anaona mstari wa hatari, mtu wa chini haoni kitu. Mstari wa hatari usiwekwe kamwe katika kalke hiyo.

3. PROGRAMU MPYA NA PROGRAMU YA ZAMANI

Programu hizi zinabadilishwa kila mwaka. Lakini namna ya kuandika fishie ya plani haibadiliki kila mwaka. Kwa AutoCAD ilibadilika kwa programu za 2000, 2004, 2007, 2010, 2013 na 2018. Mashini mpya inasoma fishie za zamani. Mashini ya zamani haisomi fishie mpya. Kwa hiyo bilo yenye programu ya 2017 haiwezi kufungua fishie iliyoandikwa kwa namna ya 2018.

Mtu akikosa kufungua fishie mpya, anafanya nini? Mara nyingi anachukua ile ya zamani inayofunguka, na kazi inaendelea. Hapo tunarudi Quecreek. Dawa yake si ngumu: yule anayetuma aandike fishie kwa namna ya zamani, kwa mfano 2013. Ama yule anayepokea atumie DWG TrueView, programu ya kufungua na kugeuza fishie ambayo Autodesk inatoa bila malipo.

Tena jueni kwamba tangu AutoCAD ya 2020, programu haiingii tena katika mashini za biti 32. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha programu ya bilo moja, ulizeni bilo zote zinazopashana plani: nyinyi munatumia ya mwaka gani?

Wakubwa wa dunia nao walianguka hapo. Ndege kubwa Airbus A380 ina zaidi ya kilometa 500 za waya ndani yake. Watu wa Hamburg, Ujerumani, walikuwa wanachora kwa programu CATIA ya 4, na wale wa Toulouse, Ufaransa, kwa CATIA ya 5. Hizo mbili hazikusikilizana vizuri. Wakati vipande vya ndege vilipofika Toulouse, waya nyingi zilikuwa fupi, hazikufika mahali pake. Kunako 2006 kazi ilichelewa sana, na feza nyingi zikapotea. Ndege ya kwanza ilitolewa kwa mnunuzi mwezi wa Oktoba 2007. Kama watu wale, wenye maenjeniere wengi, waliweza kukosana kwa programu mbili za jina moja, sisi nasi tuwe na akili.

4. HESABU INAYODANGANYA

(a) Nukta na koma. Shuleni tulifundishwa kuandika tatu na nusu hivi: 3,5. Lakini katika AutoCAD, hata ile ya kifaransa, koma inatenga namba mbili. Ukiandika 3,5 mashini inaelewa: enda 3 upande huu, na 5 upande ule. Andika 3.5 kwa nukta.

(b) Digrii na gradi. Duara nzima ina digrii 360, lakini ina gradi 400. Vipimo vya topografe wengi vinasoma kwa gradi. Gradi 50 ni digrii 45. Mtu akipokea namba 50 na kuiandika kama digrii, anapotea kwa digrii 5. Ni kidogo? Fanya hesabu: galeri ya meta 100 itafika karibu meta 8.7 mbali na mahali ilipotakiwa kufika. Tena programu, kama haikuagizwa, inahesabu kuanza mashariki na kuzunguka kinyume cha saa. Topografe anaanza kaskazini na kufuata saa.

(c) Milimeta na meta. Fundi wa mashini anachora kwa milimeta, topografe kwa meta. Ukiingiza plani ya mmoja ndani ya plani ya mwengine bila kuangalia, kitu kinakua ama kinapungua mara 1000. Kosa hili ni kubwa, kwa hiyo linaonekana haraka. Makosa madogo ndiyo yanayojificha.

(d) Namba ndefu. Katika inchi yetu ya Katanga, namba za kaskazini katika plani zinaweza kufika mamilioni ya meta. Programu inachoka na namba ndefu hizo: duara zinaonekana na pembe, mistari inatetemeka. Sababu hii bilo nyingine inakata namba za mbele. Si vibaya, lakini waiandike juu ya plani. Kama mmoja amekata na mwengine hakukata, plani mbili hazitakutana.

(e) Karatasi. Wakati wa kuchapa, programu inaweza kutanua ama kupunguza plani ili ienee kwa karatasi. Kipimo kilichoandikwa kinabaki kile kile, kumbe si kweli tena. Sikia mfano: juu ya plani kumeandikwa 1/500, maana yake santimeta 1 ni meta 5. Lakini imechapwa 1/400. Shefu anapima kwa ruli, anapata santimeta 5 mpaka galeri ya maji, anasema: tungali na meta 25. Kumbe zinabaki 20. Dawa: kila plani iwe na mstari wa kipimo uliochorwa ndani yake, wenye meta 0, 10, 20, 50. Huo unatanuka pamoja na plani, haudanganyi.

5. KITU KISICHOFIKA

Desinatere anaweza kufunga plani moja nyuma ya nyingine bila kuiingiza ndani. Kwa mfano, plani ya galeri za zamani inakaa katika fishie yake, na plani ya kazi ya leo inaiita tu. Ukituma fishie ya leo peke yake kwa flashi, ile nyingine inabaki. Kwa yule anayepokea, mashini inaandika neno dogo kwamba imekosa fishie fulani, kisha inafungua plani bila galeri za zamani. Mtu mwenye haraka anafunga neno lile bila kusoma. Plani yake ni safi, na hatari imebaki katika bilo nyingine.

Dawa: utumie komande ETRANSMIT, inayoweza kukusanya fishie zote pamoja na herufi zake. Herufi nazo zikikosa kufika, mashini inaweka nyingine, na alama fulani zinageuka kuwa alama ya kuuliza. Mahali pa kusoma kipenyo cha bulo, unasoma «?». Usibuni. Uliza.

Fishie ikifunguka vibaya, kuna komande za kuipima na kuitengeneza: CONTROLE na RECUP. Lakini plani iliyotengenezwa hivyo isishuke chini kabla desinatere na topografe hawajailinganisha na ile iliyotiwa sinyatire.

6. PROGRAMU YA WIZI NA VIRUSI

Kunako 2012 kompani ya ESET ilifunua virusi iliyoitwa ACAD/Medre.A, iliyoenea hasa Peru, inchi ya mina kama yetu. Ilikaa kama fishie ndogo kando ya plani, na kila plani iliyofunguliwa iliitumwa kwa siri kwa anwani za Uchina. Basi, musipokee fishie usiyoijua kandokando ya plani, na musiweke programu iliyovunjwa kufuli.

7. MWILI WA DESINATERE

Sasa narudi kwa kazi yangu. Mtu aliyechoka haoni neno dogo la mashini. Kwa hiyo:

Macho. Kioo kisikuue macho, lakini kinayakausha, kwa sababu mtu anayetazama sana anasahau kupepesa. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali meta 6, kwa sekunde 20. Kioo kiwe mbali kama urefu wa mkono, na dirisha liwe kando, si nyuma wala mbele. Ukipita miaka 40 na herufi zinakimbia, si uchawi, ni umri: uje kupimwa miwani. Mama wa nyumba, usimtilie mume dawa ya macho ya jirani. Dawa nyingine zina kortizoni, na zinaweza kuharibu jicho kabisa.

Mkono. Kama kidole gumba, cha pili na cha tatu vinakufa ganzi, na usiku ganzi inakuamsha, mshipa unabanwa kwenye kifundo cha mkono. Usingoje miezi. Uje mapema, kabla nguvu ya kidole gumba haijapungua.

Mugongo. Miguu ikae chini yote, mugongo uegemee kiti. Usimame kila saa.

8. MAMBO SITA YA KUKUMBUKA

1. Plani isiyo na tarehe, jina na sinyatire, usiishushe chini.
2. Plani mpya ikifika, ya zamani irudishwe bilo na ipigwe alama. Zisikae mbili katika mfuko mmoja.
3. Upime kwa mstari wa kipimo, si kwa namba iliyoandikwa.
4. Juu ya kila plani pawe na: meta ama milimeta, digrii ama gradi, namba zimekatwa ama hapana.
5. Programu isibadilishwe katikati ya kazi ya hatari. Upime kwanza kwa plani moja unayoijua.
6. Ukiona mawe, maji ama hewa visivyofanana na plani, amini macho yako. Simamisha kazi, ita shefu.

MAULIZO YA KUPIMA AKILI

— Plani inasema galeri ya zamani iko mbali meta 30, lakini ukuta unatoka jasho la maji. Utafanya nini?
— Gradi 100 ni digrii ngapi?
— Bilo ya pili inasema: fishie yenu haifunguki. Kwa nini isichukue ya mwezi uliopita?

Someni pamoja na vijana wenu wanaosoma hesabu, na mujibu pamoja. Jibu la ulizo la pili ni 90. Kwa la kwanza, soma tena namba 6 hapo juu, na umusomee mwenzako wa posti kabla ya kushuka.