Anza na Tochi Mbovu

Kabla hujaandika barua ya kuomba printa ya 3D, pita kwa fundi redio wa karibu na shule umwombe tochi mbovu. Mimi nilianza na tochi sita ndani ya boksi la viatu. Printa ni kitu kizuri, ila kifaa kidogo tu huweza kuchukua saa nzima kutoka, na mimi darasani nina watoto 60. Nadhani ingeishia ofisini, imefunikwa kitambaa, ikisubiri wageni.

Ndani ya tochi kuna vitaa vya LED, swichi na vipande vya waya. Ongeza betri za saa ya ukutani, karatasi ya foili, maboksi, kandambili zilizokatika na gundi. Cha kununua ni mikasi na plaizi, na usibane pesa hapo; plaizi ya bei chee hulegea kabla muhula haujaisha.

Siku ya kwanza usiwape maelekezo, wape shida. Mimi niliwaambia: "Bibi anatoka usiku kwenda chooni. Mkono mmoja ana mkongojo, mwingine kopo la maji. Mtengenezeeni taa." Vikundi vya watu wanne, vipindi viwili mfululizo, dakika 80.

Taa hazitawaka. Betri moja ina volti 1.5, na kitaa cheupe kinataka karibu volti 3, kwa hiyo zinahitajika mbili zilizofuatana, chanya ya moja ikigusa hasi ya nyingine. Wakishagundua hilo, bado vikundi kadhaa vitakaa gizani, kwa sababu LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Kitaa kipya kina mguu mrefu, ndio chanya. Cha tochi kimeshakatwa miguu, lazima ujaribu. Hapo ndipo vidole vitakuwasha umgeuzie mtoto. Tia mikono mfukoni, uliza tu: "Umeshabadilisha nini?" Binti mmoja alikaa na chake karibu robo saa, akakunja uso, kisha akageuza betri badala ya kitaa. Kikawaka. Akakizima, akakiwasha, mara nne, ndipo akamwita mwenzake.

Vitaa vyekundu vina deko. Vinahitaji karibu volti 2, na ukiviunga moja kwa moja kwenye betri mbili huungua. Weka rizista ya omu 100 katikati.

Vitu viwili haviguswi kabisa: umeme wa ukutani, na betri za simu, hasa zilizovimba. Zikitobolewa huweza kulipuka moto.

Kama shule ina kompyuta kuukuu, weka Scratch, programu ya kujifunzia kuandika kodi. Ni ya bure, na ukishaipakua haihitaji intaneti. Lakini hiyo ngoja mpaka mwezi wa tatu tangu muanze.

Kwenye kusahihisha, usitoe alama kwa unadhifu, maana utampa alama mzazi aliyekesha akikata boksi. Kila kikundi kichore kwenye daftari kifaa chao cha kwanza kilichogoma, na pembeni waandike walichobadilisha.

Kengele ikilia, hesabu plaizi kabla mtu hajatoka mlangoni. Chomoa betri zote. Zikisahaulika ndani huvuja na kula vibati. Kazi ambazo hazijaisha zipande juu ya kabati, zikiwa na majina, ili wa zamu asizifagie akidhani ni takataka.