Sikucheka Ukweni

Bwana Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kamembe, na nimechumbia binti wa mzee mmoja wa Gihundwe aliyekuwa na duka Bukavu kwa miaka mingi, mtu mcheshi, mkarimu, mpenda wageni. Mzee huyu ana sinema moja aipendayo kuliko zote, The Gods Must Be Crazy, ambayo yeye huiita kwa jina lake la Kifaransa, Les dieux sont tombés sur la tête, na kila mgeni wa heshima aingiaye nyumbani kwake huwekewa aitazame. Jumapili iliyopita ilikuwa zamu yangu. Sebule ilijaa mashangazi, wajomba, majirani na watoto; wote walicheka mpaka wakafuta machozi, nami nikakaa kama niliyefiwa. Mzee akaniuliza kama sinema haijanipendeza. Nikamjibu mbele ya watu wote kwamba ilitengenezwa na makaburu ili ulimwengu umcheke mtu mweusi, na kwamba nastaajabu kumwona mtu mzima akiicheka. Pakawa kimya. Shangazi mmoja akazima runinga, chai ikaletwa, na hakuna aliyezungumza nami tena mpaka nikaaga.

Mshenga wangu anataka nirudi niombe radhi, niseme nilikuwa natania na kwamba sinema ni nzuri. Walimu wenzangu wanasema nisimame palepale, kwa kuwa nilisema kweli. Siku ya gusaba, yaani ya kumwomba binti rasmi kwao, imekaribia, na mzee haitikii salamu ninazomtumia. Nifanye nini?

Asiyecheka, Kamembe

Mwanangu Asiyecheka,

Barua yako nimeisoma kwa makini, na kabla sijaingia katika shauri lenyewe nataka kutenganisha mambo mawili ambayo wewe, mshenga wako na walimu wenzako, kila mmoja kwa nia yake njema, mmeyachanganya: liko shauri la sinema, na liko shauri la mzee. Mshenga anataka uiuze rai yako upate mke, wenzako wanataka umuuze mke ubaki na rai yako, nami sioni dharura yoyote ya kukuingiza katika soko hilo.

Tuanze na sinema, maana huko una haki kuliko ulivyoweza kujieleza. Jamie Uys, aliyeitunga na kuiongoza, alikuwa Mzungu wa Afrika Kusini, na ilipotoka mwaka 1980, katika zama ambazo utawala wa ubaguzi wa rangi ulikuwa umesusiwa na mataifa mengi pamoja na bidhaa zake, ilitembezwa duniani kwa jina la Botswana, hata watazamaji wa Marekani, ilikofika mwaka 1984 na kudumu katika majumba ya sinema kwa muda mrefu ajabu, wakaidhania kuwa ni hidaya kutoka dola huru ya Kiafrika. Humo tunasimuliwa kwamba chupa ya Coca-Cola ilidondoka kutoka kwenye ndege, ikaangukia jamaa ya Kalahari isiyojua mali wala husuda, ikaleta fitina, na Xi, ambaye mchezaji wake ni N!xau, akafunga safari kwenda kuitupa ukingoni mwa dunia. Tunaonyeshwa pia wapiganaji Weusi wenye bunduki, mazuzu wacheza karata, katika miaka ambayo kusini mwa bara letu watu walikuwa wakifa kweli kweli kwa ajili ya uhuru. Fauka ya hayo, watu wa kabila la N!xau hawakuishi kama walivyosimuliwa. Wengi wao, huko Tsumkwe katika nchi ambayo leo ni Namibia, walikuwa wamekusanywa kwenye makazi ya serikali, wakila posho ya unga wa mahindi, na vijana wao wakiandikwa katika jeshi la Afrika Kusini. John Marshall, Mmarekani aliyewapiga picha watu hao tangu miaka ya 1950, alitoa mwaka uleule wa 1980 sinema ya mambo ya kweli juu ya mwanamke wa huko aitwaye N!ai, na ndani yake wanaonekana watengenezaji wa sinema ya Uys wakiwa kazini, wakiupamba umaskini huo mpaka ukafanana na Edeni. N!xau alifariki mwaka 2003, na ujira wake kwa sinema ile ya kwanza ulikuwa mdogo mno ukilinganishwa na mamilioni ya dola iliyoyachuma.

Kwa hiyo sikulaumu kwa kutocheka. Lakini kuna jambo ambalo hukulitaja, nalo kwangu ndilo kubwa, nalo ni sauti. Kumbuka jinsi sinema inavyoanza: watu wa Kalahari wanasema na kusikilizana kwa lugha yao, wala hatupewi maana ya maneno yao, badala yake mwanamume mwenye sauti ya upole, ambaye hatumwoni, anatueleza wanawaza nini, wanaogopa nini, wanapenda nini, sawasawa na sinema zinazohusu maisha ya swala na tembo. Mwenye sauti ndiye anayeamua tucheke wapi. Sasa sisi wa Rusizi, seuze wewe kijana uliyekulia humu, tunaifahamu sana kazi hiyo, kwa kuwa tumelelewa na agasobanuye, yaani sinema za kigeni zinazofasiriwa kwa Kinyarwanda. Marehemu Nkusi Thomas, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Yanga na ambaye mauti yalimfika mwaka 2022, aliwachukua mashujaa wa Marekani akawasemea kwa Kinyarwanda, akawatia utani ambao waandishi wa Hollywood hawakuuwaza hata usingizini, na aghalabu mtu alitoka kibandani akiwa amependa sinema ya Yanga, ilhali ile ya asili, lau angeachiwa aitazame katika lugha yake, ingemlaza. (Nami nikiri hapa, kwa kuwa tunazungumza rai za watu wachache, kwamba naona nyingi katika zile za Yanga zilipita za asili, na kwamba Titanic, pamoja na tuzo zake 11 za Oscar, ni safari ya saa tatu na zaidi ambayo humo mimi huanza kulisubiri barafu mapema kuliko ilivyo adabu.)

Nauliza basi: mzee wako aliiona sinema hiyo wapi mara ya kwanza, na kwa sauti ya nani? Ikiwa aliitazama Bukavu katika siku za Zaire, yamkini hakuisikia kamwe sauti ile ya upole iliyokuudhi wewe. Yamkini aliisikia ya Kifaransa, au alikuwako jirani aliyekuwa akiwafasiria wenzake kwa Kiswahili cha Bukavu, akiongeza chumvi. Sinema yake na sinema yako huenda zina picha zilezile, na lililosemwa juu ya picha hizo likawa mbalimbali kabisa. Hilo hulijui, kwa sababu hukumwuliza, ulimhukumu kwanza.

Na liko la pili usilolijua. Ulitazama runinga, hukuwatazama wanaocheka. Katika sinema hiyo vicheko vingi vinamwangukia Mzungu: yule mtaalamu wa wanyama, Andrew Steyn, ambaye kila akimkaribia mwanamke aliyempenda huangusha vyombo, hujikwaa na kujiaibisha, na ambaye gari lake lisilo na breki hatimaye linaning'inia mtini kama jimbi lililofungwa miguu. Je, mashangazi walifuta machozi wakati Xi anapozungumza na miungu, au wakati Mzungu anapoanguka mtoni? Kama ni hapo pa pili, basi makaburu waliotengeneza sinema waliwapa mashangazi wa Gihundwe fursa ya kuwacheka makaburu, na hoja yako, ijapokuwa ni sahihi juu ya mtengenezaji, haikumgusa mtazamaji hata kidogo.

Wala usijione kwamba umesimama peke yako dhidi ya ulimwengu. Sebuleni ulikuwa mmoja. Katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani wenye rai kama yako ni jeshi, na wamekuwa wakiiandika tangu miaka ya 1980. Sisemi umeiazima kwao. Nasema tu kwamba ushujaa uliojivika siku ile ulikuwa wa mtu mwenye watu wengi nyuma yake, dhidi ya mzee aliyekuwa na mashangazi tu.

Kama wataka kupima jinsi maneno yako yalivyomwingia, chukua mfano ulio karibu nasi. Hotel Rwanda ya Terry George ilitoka mwaka 2004, ikapigwa picha kwa sehemu kubwa Afrika Kusini, ikapendekezwa kwa tuzo tatu za Oscar, mojawapo kwa Don Cheadle, na ughaibuni watu wema waliitazama wakalia. Hapa kwetu wengi, na miongoni mwao manusura wenyewe waliojihifadhi katika hoteli ya Mille Collines, waliikataa namna ilivyomchora shujaa wake, na mwaka 2008 Alfred Ndahiro na Privat Rutazibwa wakatoa kitabu kizima cha kuipinga. Mfikirie Mnyarwanda aliyealikwa chakula Brussels na wenyeji ambao macho yao bado yamevimba kwa sinema hiyo, nao wanamwuliza kama haikumgusa. Huyo yuko mahali pako hasa, na jambo lake ni zito mara elfu kuliko la chupa ya soda. Nawajua waliokuwa katika hali hiyo, na wale walioeleweka ni wale waliosema, "Ngoja nikueleze tulivyoiona sisi," wakaeleza mpaka chakula kikapoa. Aliyewaambia wenyeji kwamba anastaajabu watu wazima kulilia upuuzi hakupata wa kumsikiliza, na ukweli aliokuwa nao akarudi nao nyumbani.

Sasa shauri langu. Nenda kwa mzee, wewe na mshenga, siku ya kawaida isiyo ya sherehe, saa ya jioni watu wakiwa wachache, wala usingoje gusaba. Kwani unajua mwenyewe jinsi wasemaji wa pande mbili wanavyotaniana siku ile, na msemaji wa upande wa binti akikwisha kupata habari kwamba bwana harusi hajui kucheka, atakutoza kicheko mbele ya kijiji kizima kabla hajakubali kulitaja jina la ng'ombe. Omba radhi kwa sentensi moja tu, ile ya kustaajabia mtu mzima, kwa maana hiyo haikuwa rai juu ya sinema, ilikuwa tusi juu ya mwenye nyumba, na ulilitoa ukiwa umekalia kiti chake mbele ya wajukuu zake. Iombe kwa ukamilifu, bila "lakini" nyuma yake.

Ama kusema kwamba ulikuwa unatania, hapo namkataza mshenga wako waziwazi. Kwanza ni uongo, na mzee aliyeuza dukani miaka mingi huujua uongo kabla haujafika kaunta. Pili, fikiri matokeo yake: ukiisifu leo, utawekewa sinema hiyo kila Noeli, kila ubatizo, kila atakapozaliwa mtoto, nawe utalazimika kucheka palepale ulipocheka mwaka uliotangulia, na ukisahau mahali utaulizwa kama unaumwa. Akikuuliza mwambie, "Baba, mimi bado hainichekeshi, na sababu ninazo, utakapopenda kuzisikia." Kisha umwulize yale niliyokuuliza mimi: aliiona wapi, pamoja na nani, nani alikuwa akifasiri. Umwache aseme. Akikupa nafasi, mwambie habari za Tsumkwe, kwa kuwa mtu aliyekula posho na kuvuka mipaka maishani mwake, kama wazee wengi wa pande hizi za mto Ruzizi, huenda akazielewa kuliko walimu wenzako. Asipokupa nafasi, nyamaza. Rai yako haitaoza.

Limebaki moja, nalo nililitafuta katika barua yako mara mbili nisilione. Umenihesabia mashangazi, wajomba, majirani na watoto, ukanieleza nani alizima runinga na chai ililetwa lini, na hukuniandikia hata neno moja juu ya mchumba wako: kama alikuwamo sebuleni, kama alicheka, kama anaipenda sinema ya baba yake au amechoka nayo tangu utotoni. Kabla hujaenda kwa mzee, kamwulize yeye.