Mistari huishia na nini? Kagua kabla ya kusoma faili

Nikiletewa faili la maandishi kutoka Windows nilisome kwa skripti ya Linux, kwanza naangalia mistari yake inaishia na nini.

Kuna namna tatu. Linux na macOS ya sasa huweka \n, alama namba 10. Windows huweka \r\n, yaani 13 na 10. Mac za zamani, hadi Mac OS 9, ziliweka \r peke yake. Jozi ya Windows ina asili yake kwenye teletaipu: \r ilirudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, \n ikasogeza karatasi.

Tuseme faili la Windows lina orodha ya miji, na Bash inachapisha "Mji: $mji, Tanzania". Ikifika Mwanza, kwenye skrini unaona hivi:

, Tanzaniaa

\r imeng'ang'ania mkiani mwa Mwanza. Kishale kinarudi mwanzo, ", Tanzania" inafunika yaliyokwisha kuandikwa, inasalia "a" ya mwisho ya Mwanza. Ukilinganisha neno hilo na "Mwanza" safi, programu itakwambia hayafanani.

Ninavyofanya:

1. Kagua. Amri ya od -c miji.txt | head huanika kila alama, \r ikiwemo.

2. Safisha faili linapoingia tu: sed -i 's/\r$//' miji.txt. Ukiacha kila funksheni ijisafishie, kuna moja itasahaulika. Amri hii ni ya maandishi pekee; picha itaiharibu.

3. Kwenye Python 3, open() ikisoma maandishi hugeuza namna zote tatu kuwa \n. Kwa moduli ya csv, weka newline='', kwa sababu seli yenyewe inaweza kuwa na mstari mpya ndani.

4. Kwenye Git, andika *.sh text eol=lf ndani ya .gitattributes. Skripti yenye \r kwenye mstari wa kwanza hugoma Linux, kwa kuwa mfumo unatafuta programu iitwayo "bash\r".

5. Angalia mstari wa mwisho. Usipofungwa na \n, while read ya Bash huuruka. Andika: while IFS= read -r mji || [ -n "$mji" ].

Mwisho, tengeneza faili tatu zenye miji ile ile, kila moja kwa namna yake, uziweke kwenye majaribio ya programu. Majibu yakitofautiana, usiipeleke kazini bado.