KILA KIPANDE NA HESABU YAKE
Somo juu ya ripoti za kazi na gharama za shamba

Bwana na Bibi Mkulima, somo la mwezi huu ni juu ya hesabu. Usigeuze ukurasa! Hesabu tunayoisema hapa ni ya kujua kipande gani cha shamba lako kinakulisha, na kipande gani kinakula pamoja nawe.

Serikali ilipoanza mpango wa ekari milioni moja katika mwaka 1962, watu wengi waliopewa mashamba waliyapata kwa mkopo. Siku ya kulipa ilifika, mavuno yawe mema au mabaya. Leo wengine wenu mnalima sehemu tu ya shamba alilopata baba au babu, na madeni mengine yamekuja: ya mbegu, ya mbolea, ya karo. Lakini jambo moja halikubadilika. Asiyejua gharama yake hawezi kujua kama bei anayopewa na mnunuzi ni faida au ni hasara.

Siku hizi ziko programu za simu na za kompyuta za kuweka hesabu za shamba. Kazi yake ni ileile ya kitabu cha hesabu, ila zinajumlisha upesi na hazichoki. Wewe unaandika, programu inakupa ripoti. Kama huna simu ya namna hiyo, fuata somo hili kwa daftari na kalamu, maana njia ni moja.

ANZA NA MAJINA

Kipe kila kipande jina na ukubwa wake kabla ya mvua kuanza. Usiandike "shambani" tu. Andika "Juu, ekari 1", "Mtoni, ekari 1", "Boma, robo ekari". Programu haiwezi kutenganisha mambo ambayo wewe mwenyewe hukuyatenganisha.

ANDIKA SIKU HIYOHIYO

Kila jioni kabla ya kulala, andika mambo matano:

1. Tarehe.
2. Jina la kipande.
3. Kazi iliyofanywa: kulima, kupanda, kupalilia, kunyunyizia dawa, kuvuna.
4. Kitu kilichotumika na kiasi chake: magunia ya mbegu, kilo za mbolea, aina ya dawa.
5. Fedha zilizolipwa, na watu waliofanya kazi na siku zao.

Kama ulilipa kwa M-Pesa, ujumbe uliobaki katika simu ni ushahidi mzuri. Usiufute kabla hujaandika. Gharama ya vipande viwili, kama gari moja lililobeba mavuno yote, igawanye kwa magunia ya kila kipande.

JASHO LA NYUMBANI

Hapa ndipo wengi hukosea. Kibarua akilipwa, wanaandika. Mama na vijana wa nyumbani wakipalilia siku kumi, hawaandiki neno, kwa sababu hakuna shilingi iliyotoka mfukoni. Lakini siku hizo kumi zingeweza kutumika kwa ng'ombe wa maziwa, au kwa kazi ya mshahara. Ziandike kwa kima kilekile anacholipwa kibarua kwenu.

Kadhalika andika mavuno yote: yaliyouzwa, yaliyoliwa nyumbani na yaliyowekwa kuwa mbegu.

TUTAZAME MFANO

Tuseme mkulima wa Kinangop amepanda viazi vya Shangi ekari mbili, moja Juu na moja Mtoni. Bei tunazotaja ni za mfano. Wewe weka zako. Kila ekari ilipandwa magunia 16 ya mbegu ya kilo 50, kwa shilingi 40,000; ikatiwa magunia 4 ya mbolea, kwa shilingi 10,000; ikalimwa kwa shilingi 6,000. Mpaka hapo vipande viwili ni sawa. Sasa tazama yaliyobaki.

Juu: dawa shilingi 8,000, vibarua shilingi 14,000, kazi ya nyumbani siku 20 kwa shilingi 400, yaani shilingi 8,000. Gharama yote ni shilingi 86,000. Mavuno ni magunia 80 ya kilo 50.

Mtoni: dawa shilingi 17,000, vibarua shilingi 16,000, kazi ya nyumbani siku 30, yaani shilingi 12,000. Gharama yote ni shilingi 101,000. Mavuno ni magunia 50.

Mnunuzi anatoa shilingi 1,500 kwa gunia. Mkulima akichanganya yote pamoja, anaona mapato ya shilingi 195,000 na gharama ya shilingi 187,000. Amepata shilingi 8,000. Na kama hakuandika jasho la nyumbani, anaona faida ya shilingi 28,000, na mwaka ujao atapanda vilevile.

Lakini ripoti ya kila kipande yasema mengine. Gunia la Juu limemgharimu shilingi 1,075. Faida ya kipande ni shilingi 34,000. Gunia la Mtoni limemgharimu shilingi 2,020. Hasara ni shilingi 26,000. Hata ukiondoa kazi ya nyumbani, Mtoni amepoteza fedha taslimu shilingi 14,000. Juu alifanya kazi, Mtoni akala. Mkulima yule alikuwa akilipia hasara yake mwenyewe kila msimu, wala hakuijua.

Angalia pia kwamba hesabu hii ni ya gunia la kilo 50, ambalo ndilo kipimo cha juu kwa viazi katika kanuni za Kenya za mwaka 2019. Ukiuza gunia lililojazwa kupita mdomo wake, umeuza kilo usizolipwa, na ripoti yako yote itakuwa ya uongo.

SOMA RIPOTI MBILI PAMOJA

Ripoti ya gharama yakuambia kiasi gani. Haikuambii kwa nini. Kwa hiyo weka ripoti ya kazi kando yake, usome tarehe.

Katika mfano wetu, ripoti ya kazi yaonyesha kwamba Juu palinyunyiziwa dawa mara 4, na Mtoni mara 8. Yaonyesha tena kwamba Mtoni palipandwa wiki mbili nyuma, kwa sababu maji yalikuwa yamesimama. Basi sababu inaonekana. Ukungu unaochoma majani ya viazi hupenda baridi na unyevu, nao Mtoni una vyote viwili. Shilingi za dawa zilifuata maji.

Sasa mkulima ana la kuamua. Aweza kuchimba mtaro wa kuondoa maji. Aweza kupanda nyasi za malisho pale, apate chakula cha ng'ombe. Asifanye haraka kuacha kipande kwa sababu ya msimu mmoja wa bei mbaya. Lakini ugonjwa na maji vikirudi katika ripoti ya misimu miwili, asingojee wa tatu. Amwite Bwana Shamba, amwonyeshe ripoti yenyewe. Mkulima asemaye tu "viazi vimekataa" humpa Bwana Shamba kazi ya kubahatisha.

Ripoti ya kazi ina faida nyingine. Yakukumbusha kipande gani kilikuwa na viazi msimu uliopita, usije ukavirudisha hapohapo, maana mnyauko wa viazi hukaa katika udongo na katika mbegu. Tena yakuonyesha siku ya mwisho uliyonyunyizia dawa, ili usivune kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa kuisha.

JIHADHARI NA MAMBO HAYA

Usiandike kwa kukumbuka mwisho wa mwezi. Usiandike makadirio mazuri ili kujifurahisha. Usimwachie kijana mmoja siri ya simu. Mume na mke wote wawili wajue kuisoma ripoti, kwa maana wote wawili hulima. Na kila mwisho wa msimu nakili jumla katika daftari, kwa kuwa simu huibiwa na huanguka majini.

Programu haina macho ya kuliona shamba lako. Inajua yale tu uliyoiambia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Shamba lako lina vipande vingapi, na kila kimoja ni ekari ngapi?
2. Gunia lako la mwisho ulilouza lilikugharimu shilingi ngapi?
3. Watu wa nyumbani walifanya kazi siku ngapi msimu uliopita, na katika kipande gani?

Kama hukuweza kujibu swali la pili, anza kuandika leo jioni. Usingojee mvua.