SOMO LA MWEZI: Barua ya Mtoto na Karani Anayeipokea

Nchini Marekani, uchunguzi uliofanywa kabla ya 1978 ulionyesha kuwa kati ya asilimia 25 na 35 ya watoto wa jamii za kiasili walikuwa wametengwa na familia zao. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya kuwalinda, na Mahakama ya Juu ikaikubali tena 2023.

Sheria hiyo humtegemea sana karani. Anayeiomba mahakama ya jimbo imwondoe mtoto kwa wazazi sharti alijulishe kabila lake kwa barua ya rejista. Kesi haisikizwi kabla ya siku 10 kupita tangu barua ipokewe. Kabila likiomba, huongezewa hadi siku 20. Karani huandika tarehe, kisha hutafuta majina ya wazazi, babu na nyanya katika daftari la wanachama. Ni kazi ya kuchosha macho, wala hakuna anayeipigia picha. Lakini herufi moja ikikosewa, mtoto huonekana si wa kabila hilo, na shangazi ambaye sheria inataka afikiriwe kwanza huenda asijue kuna kesi.

Hapa Kenya, mtoto akizaliwa nyumbani, taarifa hupelekwa kwa naibu wa chifu. Mpe majina ya wazazi jinsi yalivyo kwenye vitambulisho, na uyasome kabla ya kuondoka. Ukijua mtoto anayedhulumiwa, piga 116 bila malipo.