Kiingereza bila kibao shingoni



Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, mijini huzuka mjadala ule ule. Huyu analaumu serikali, yule analaumu wazazi, mwingine anawalaumu walimu. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nimefundisha Newala, kisha Masasi, kabla ya kuhamia huku Dar es Salaam. Leo sitaki kumlaumu mtu. Nataka kuzungumzia jambo moja ambalo liko mikononi mwetu, nalo ni kile kinachofanyika ndani ya darasa katika kipindi cha dakika 40. Na ili nisionekane nanyooshea wengine kidole, nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 2006. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulikuwa umeanza mwaka 2004 na shule za kata zilikuwa zikichipuka kila upande. Nilipangiwa shule moja juu ya uwanda wa Makonde, wilayani Newala. Kidato cha kwanza kilikuwa na wanafunzi zaidi ya 80, wakikaa watatu watatu kwenye dawati, na vitabu vya kiada havikuzidi kumi. Shule ilikuwa na kanuni yake. Anayesikika akisema Kiswahili au Kimakonde huvishwa kibao shingoni, na hukaa nacho mpaka amkamate mwenzake mwenye kosa hilo. Kanuni hiyo sikuitunga mimi, lakini niliisimamia kwa bidii zote.

Wiki moja kibao kilimganda mvulana mmoja kwa siku tatu mfululizo. Hakuwa mtundu. Kilimganda kwa sababu hakutaka kumchongea mwenzake. Siku ya nne hakuonekana shuleni, wala ya tano. Jumamosi nikaenda kwao. Nilimkuta bibi yake akibangua korosho barazani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda nikae. Kisha akaniuliza bila kupandisha sauti: "Mwalimu, mjukuu wangu hapa nyumbani mdomo haufungi. Chuoni kwa maalimu ndiye anayeongoza qaswida. Huko kwenu mmemfanya nini hata akawa bubu?"

Sikuwa na jibu. Kijana yule hakurudi tena shuleni. Nilisikia baadaye kwamba alikwenda kwa mjomba wake mjini Mtwara kutafuta kazi. Swali la yule bibi ndilo lililonifundisha ualimu kuliko chuo nilichosoma.

Mtoto mmoja, lugha mbili za kigeni

Tulitafakari swali lile. Kiarabu si lugha ya mtoto wa Newala, wala Kiingereza si lugha yake. Nyumbani anasema Kimakonde, na ukiteremka Masasi utamkuta mwenzake anasema Kimakua au Kiyao. Sasa kwa nini mtoto huyo huyo asimame mbele ya mamia ya watu siku ya Maulidi, asome kwa sauti iliyonyooka, halafu Jumatatu atetemeke kwa sentensi moja ya Kiingereza?

Sisemi kwamba madrasa haina bakora. Tunazijua zilizonazo. Wala sisemi kwamba kukariri ndiyo kuelewa. Lakini tazama mambo matatu yaliyomo katika qaswida. Kwanza, mtoto husoma pamoja na wenzake mara nyingi kabla ya kusoma peke yake, kwa hiyo kosa lake humezwa na sauti za wengi mpaka litakapojisahihisha. Pili, mkubwa humfundisha mdogo, asisubiri maalimu afike. Tatu, ipo siku inayongojwa. Mama yake atakuwepo kumsikiliza, na watu watamshangilia. Yaani lugha ina kazi ya kufanya. Katika darasa langu la mwaka 2006 Kiingereza hakikuwa na kazi yoyote isipokuwa kukwepa kibao.

Wataalamu nao wamelitazama suala hili. Robert Gardner na Wallace Lambert wa Canada, katika kitabu chao cha mwaka 1972, walitofautisha aina mbili za hamu ya kujifunza lugha. Kuna hamu ya kutaka faida, kama kazi au cheti, na kuna hamu ya kutaka kuwa karibu na wenye lugha hiyo. Sasa mtoto wa kidato cha kwanza kule juu uwandani, hizi hamu ataziokota wapi? Wenye lugha hiyo hawaoni, na kazi na cheti viko mbali naye kwa miaka mingi. Ndiyo maana hamu yake ni lazima izaliwe darasani, katika somo lenyewe.

Na hili si suala la anasa. Sekondari, karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Asiyekipata Kiingereza amekosa pia Biolojia, Jiografia na Hesabu. Watafiti Criper na Dodd waliliona tangu mwaka 1984, walipoeleza kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari nchini kilikuwa cha chini mno kuweza kubeba masomo mengine.

Askofu aliyejifunza kwa hadithi

Wazee wetu wengi wa kusini walikitilia shaka Kiingereza kwa kuwa kilifika pamoja na misheni. Shaka hiyo ilikuwa na sababu zake wakati ule. Lakini hebu tuisome historia yenyewe ya Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika hapo na kundi la watumwa walioachwa huru, akaanzisha kituo cha misheni. Mtu huyu alikuwa amefika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1864. Alijifunza Kiswahili kwa namna gani? Aliwakalisha watu wa Unguja wamsimulie hadithi zao, akaziandika, na mwaka 1870 akachapisha kitabu kizima cha hadithi hizo. Mzungu yule aliipata lugha yetu kupitia ngano za sungura na wafalme. Sisi tunataka watoto wetu waipate lugha yake kupitia kibao shingoni! Nani mwenye akili hapo?

Shughuli nne nilizozijaribu

Nilipohamia Masasi nilianza upya. Nitaeleza shughuli nne ambazo hazihitaji umeme wala kitabu kwa kila mtoto.

Ya kwanza ni imla ya mbio. Mwalimu anaandika sentensi nne au tano kwenye karatasi, anaibandika ukutani nje ya darasa. Wanafunzi wanakaa makundi ya watu watano. Mmoja anatoka, anasoma sentensi, anaibeba kichwani, anarudi na kuwatamkia wenzake waandike. Kisha anatoka mwingine. Wakimaliza, wanalinganisha na karatasi ya nje. Mimi niliandika kuhusu maji, maana watu wa uwanda ule wanajua maana ya kuteremka bondeni kutafuta ndoo moja. Hapo mtoto anasoma, anakumbuka, anatamka, anasikiliza na kuandika, yote ndani ya robo saa. Aliye kimya siku zote utamkuta anabishana na mwenzake kama neno lina herufi "s" mwishoni au halina.

Ya pili ni mchoro wa mgongo kwa mgongo. Wanafunzi wawili wanapeana migongo. Mmoja ana picha rahisi: nyumba, mkorosho kushoto, mbuzi chini ya mti. Anaieleza kwa Kiingereza, mwenzake anachora bila kuiona. Wakigeuka na kulinganisha, kicheko kinachotoka hapo hufundisha maneno ya mahali kuliko ubao uliojaa sarufi. Siri yake ni kwamba mmoja anajua jambo ambalo mwenzake halijui, kwa hiyo ni lazima waseme.

Ya tatu ni mnada wa korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, watoto wa Masasi na Newala wamekuwa wakiwasikia wazazi wao wakizungumzia bei zilizosomwa mnadani, zikakubaliwa au zikakataliwa. Basi darasa ligawe. Hawa wawe wakulima, wale wanunuzi, na mmoja awe katibu wa chama cha msingi. Kila mnunuzi ataje bei na asifu malipo yake ya haraka. Wakulima waulize, walinganishe, wakubali au wakatae na watoe sababu. Humo mna namba, uzito, daraja la kwanza na la pili, na ulinganishaji. Mara ya kwanza nilipoufanya, binti mmoja ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake alisimama akasema kwa Kiingereza kwamba bei ile ni ndogo na mama yake hauzi. Sentensi ilikuwa na makosa mawili. Darasa zima lilimpigia makofi, na mimi sikumsahihisha mpaka kesho yake.

Ya nne ni vitendawili na hadithi. Kila kundi lilete kitendawili kutoka kwa babu au bibi, likigeuze kwa Kiingereza, kisha liwatege wenzao Ijumaa. Watakaoshindwa watoe mji, kama ilivyo desturi yetu. Hapa mzee asiyejua Kiingereza hata neno moja anakuwa mwalimu msaidizi.

Masharti yake

Mwalimu mwenzangu asije akadhani kwamba kucheza tu kunatosha. Mchezo usio na lengo ni kelele. Kila shughuli iwe na jambo moja la lugha: leo wakati uliopita, kesho kulinganisha. Pili, mwanafunzi anaposema asikatizwe. Andika makosa yake pembeni, kisha yasahihisheni wote mwishoni bila kutaja jina la mtu. Tatu, waruhusu kujipanga kwa Kiswahili dakika mbili, halafu waseme kwa Kiingereza. Kiswahili ni ngazi ya kupandia, tusiione adui. Nne, gawa kazi ndani ya kundi, la sivyo wawili watasema na watatu watasinzia.

Najua wataniuliza: na muhtasari wa masomo je, na mtihani? Niliulizwa hivyo hivyo na mkuu wangu mmoja aliyeona darasa langu lina kelele. Nilimjibu kwamba naomba dakika kumi na tano kati ya arobaini. Zinazobaki ni za sarufi, kusoma na mazoezi ya mtihani. Mwanafunzi aliyechangamka hushika zaidi katika dakika ishirini na tano kuliko aliyeogopa katika arobaini.

Sisi wa mjini

Ndugu msomaji, usidhani habari hii ni ya Newala peke yake. Wapo watoto wetu hapa mjini wanaolipiwa ada kubwa katika shule za Kiingereza, nao wanakariri tu, ukiwauliza maana wanakutazama. Jioni mwambie mwanao akusimulie kwa Kiingereza alichojifunza leo, hata kama wewe hukijui vizuri. Akikosea, usimcheke.

Na sisi tuliotoka kusini tunaweza kufanya zaidi. Vitabu vya hadithi vinavyoozea kabatini vipelekwe nyumbani. Ua wa madrasa uliokaa wazi saa za alasiri unaweza kuwa chama cha kusoma siku mbili kwa wiki, vijana wa kidato cha tatu wakiwasaidia wadogo zao. Watoto wanakuja hapo bila kusukumwa na hawapaogopi. Tunahitaji nini zaidi?

Kama shule ya mwanao bado ina kibao, nenda kamwone mwalimu kwa adabu, mweleze. Pengine naye, kama mimi, hajawahi kuulizwa swali na bibi wa mtoto.

Wabillahi tawfiq.